Tairi pana moja badala ya mbili: Nafuu kwa mwenye gari, hatari kwa abiria

GHARAMA ya tairi ni miongoni mwa mizigo inayowalemea wamiliki wa magari ya uchukuzi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Basi dogo la abiria 33 linalohudumu kati ya katikati mwa jiji na Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu hutembea kwa tairi sita. Nne kati ya hizo huwa nyuma, mbili kila upande. Zikinunuliwa pamoja, mara nyingi huisha pamoja, na mwenye gari hulazimika kutoa kwa mkupuo fedha ambazo alikuwa amezitenga kwa mkopo wa chama au karo ya watoto.

Wakati huo huo, trela zinazotoka bandari ya nchi kavu ya Embakasi hupita kwenye Barabara ya Outer Ring na Eastern Bypass zikiwa na umbo tofauti. Nyingi kati yazo zina tairi moja pana kila upande wa ekseli, mahali ambapo zamani zilikaa mbili. Madereva huziita supa singo. Hata magari makubwa ya wasafiri wanaotoka Cairo hadi Cape Town, yale ambayo ni nyumba zinazotembea zenye vitanda na jiko ndani, hufika Nairobi yakiwa na tairi moja moja nyuma.

Ni rahisi basi mwenye matatu, lori dogo au gari lililogeuzwa kliniki ya kuhamahama kushawishika. Iwapo trela ya kontena inaweza kutembea kwa tairi moja pana kila upande, kwa nini gari dogo kuliko hilo lisiweze? Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba mtu atanunua tairi mbili badala ya nne, atajaza upepo mara mbili badala ya nne, na gari litapungua uzito.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, inabainika kwamba faida inayopatikana kwenye barabara kuu ya Mombasa haisafiri hadi Barabara ya Jogoo, na kwamba hasara yake humwangukia mtu ambaye hakushauriwa, yaani abiria.

NAMBA ZILIZO UBAVUNI

Jambo la kwanza la kuchunguzwa ni uwezo wa tairi kubeba uzito. Tairi nyingi za magari ya kibiashara huwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, zilizochapwa ubavuni karibu na ukubwa wake. Namba hizo si kilo, bali ni alama za jedwali la kimataifa linaloeleza uzito ambao tairi inaruhusiwa kubeba. Namba ya kwanza huhusu tairi inapokuwa peke yake, na ya pili inapofungwa sambamba na mwenzake.

Kwa mfano, tairi ya lori yenye alama 152/148 inaruhusiwa kubeba kilo 3,550 ikiwa peke yake, na kilo 3,150 ikiwa na mwenzake. Ekseli yenye tairi nne za aina hiyo ina uwezo wa kilo 12,600. Mtu akiondoa mbili na kubakisha mbili za aina ile ile, uwezo unashuka hadi kilo 7,100. Hapo gari limepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu zake hata kabla ya kupakiwa gunia la kwanza.

Ndiyo sababu tairi ya badala hulazimika kuwa pana. Ile inayoonekana zaidi kwenye trela ina upana wa milimita 385 na mara nyingi alama 160, ambayo ni kilo 4,500. Mbili zinabeba kilo 9,000. Kiasi hicho ni kikubwa, lakini bado hakifikii zile kilo 12,600. Tangu mwaka wa 2000 au karibu na hapo, watengenezaji wa Amerika Kaskazini na Ulaya wamekuwa wakiuza tairi pana zaidi, za milimita 445 na 455, zenye uwezo wa takriban tani tano kila moja. Hata hizo zimeundwa kwa rimu za inchi 22.5 za malori makubwa, si za basi dogo la mtaani lenye rimu za inchi 16.

Kwa hivyo, anayefuata mfano wa trela anaiga umbo bila kuiga hesabu. Trela huwa na ekseli tatu zilizo pamoja, na uzito wa kontena hugawanywa juu ya tairi sita pana. Matatu ina ekseli moja tu nyuma. Abiria 33 wakikadiriwa kuwa na kilo 70 kila mmoja ni kilo 2,310, bila mizigo yao, bila chuma cha bodi, bila viti na bila vipaza sauti ambavyo magari ya Eastlands yanajulikana navyo. Sehemu kubwa ya uzito huo hukaa juu ya ekseli hiyo moja.

SHERIA NA MIZANI

Suala hili si geni kwa serikali za Afrika Mashariki. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari mwaka wa 2013, kwa lengo la kuwa na kipimo kimoja katika nchi zote za Jumuiya. Chini ya sheria hiyo, gari lote pamoja na mzigo halipaswi kuzidi tani 56 wala kuwa na zaidi ya ekseli saba. Ekseli ya usukani, yenye tairi mbili, imewekewa tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne imeruhusiwa tani 10, mbili zilizo pamoja tani 18, na tatu zilizo pamoja tani 24.

Tofauti kati ya tairi mbili na tairi nne katika orodha hiyo ina maana kubwa. Sheria inatambua kwamba tani 10 zilizoshikiliwa na tairi nne si sawa na tani 10 zilizoshikiliwa na mbili. Tairi pana ziliposhika kasi kwenye trela, zilizua mvutano kati ya wenye malori na wasimamizi wa barabara. Wenye malori walitaka wahesabiwe sawa na wenye tairi nne, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuwekeza katika trela zilizoagizwa zikiwa hivyo kutoka nje. Wasimamizi nao walishikilia kwamba ekseli ya tairi pana mbili lazima ipunguziwe mzigo.

Nchini Kenya, usimamizi wa mizani ya barabara kuu uko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, yenye vituo kama Athi River, Gilgil na Mariakani. Mitaa ya jiji iko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, na serikali ya kaunti. Matatu inayotoka Kayole asubuhi na kurudi usiku haifiki Athi River hata siku moja. Mzigo wake hupimwa kwa macho ya polisi na kwa idadi ya vichwa, si kwa kilo. Mwenye gari anayebadilisha tairi mtaani hujikuta basi katika eneo ambalo sheria ya uzito ipo kwenye karatasi, lakini mizani haipo.

Kinachobaki ni ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Magari ya abiria hupaswa kukaguliwa kila mwaka, na wengi wa Eastlands hupeleka yao katika kituo cha Barabara ya Likoni, Eneo la Viwandani. Lakini ukaguzi ni wa siku moja, na mwaka una siku 365.

LAMI HAISAHAU

Upande wa pili wa suala hili ni barabara yenyewe. Kati ya 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakaendesha malori juu yake usiku na mchana huku wakipima jinsi zinavyoharibika. Walichogundua bado ndicho msingi wa uhandisi wa barabara. Uharibifu haupandi sambamba na uzito wa ekseli, bali hupanda kwa kadiri ya uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne.

Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 10 huiharibu lami karibu mara mbili na nusu ya ekseli ya tani 8, ingawa imezidi kwa tani mbili tu. Ekseli ya tani 6 huiharibu takriban mara 1,300 kuliko ekseli ya gari dogo yenye tani moja. Ndiyo maana barabara ya mtaa inaweza kustahimili maelfu ya magari madogo kwa miaka mingi, kisha ikaanza kubomoka malori ya mchanga na mawe yanapoanza kuipita kuelekea kwenye ujenzi wa maghorofa.

Sasa uzito ule ule ukiwekwa juu ya eneo dogo zaidi, hali huzidi kuwa mbaya. Tairi mbili za kawaida za lori zikikaa sambamba hukanyaga upana wa karibu milimita 600. Tairi pana ya milimita 385 hukanyaga sehemu ndogo zaidi ya hiyo, na mara nyingi kwa upepo mwingi zaidi. Utafiti wa pamoja wa nchi za Ulaya uliojulikana kama COST 334, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulithibitisha kwamba kwa uzito ule ule, tairi pana moja huchimba mifereji kwenye lami kuliko tairi mbili, na kwamba madhara hupungua kadiri tairi inavyozidi kuwa pana.

Mifereji hiyo si jambo la kinadharia kwa mkazi wa Eastlands. Mvua ya masika ikinyesha, maji hutuama ndani yake, lami hulegea, na shimo huzaliwa. Barabara ya Outer Ring, iliyopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kutoka Ruaraka hadi upande wa uwanja wa ndege, ilijengwa kustahimili magari mazito. Barabara za ndani za Umoja, Tena au Dandora hazikujengwa hivyo. Mitaa hiyo ilipangwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati, si kwa ajili ya mabasi na malori yanayopita leo.

PANCHA YA SAA TATU USIKU

Hoja iliyo karibu zaidi na maisha ya watu ni ile ya usalama. Tairi mbili za upande mmoja ni kama ndugu wawili waliobeba jeneza. Mmoja akiteleza, mwingine hushikilia kwa muda. Matatu yenye tairi nne nyuma ikipata pancha karibu na mzunguko wa Donholm, huinama kidogo, na dereva hupata nafasi ya kuliondoa gari barabarani.

Hata hivyo, hiyo si ruhusa ya kuendelea na safari. Chukulia ekseli ya nyuma yenye kilo 5,500, yaani kilo 2,750 kila upande, na tairi zenye alama 128/126. Zikiwa mbili, kila moja inaruhusiwa kilo 1,700, na upande mzima kilo 3,400. Mmoja akipasuka, aliyebaki ana ruhusa ya kilo 1,800 tu, ilhali amebebeshwa 2,750. Amezidiwa kwa kilo 950. Akisukumwa hadi mwisho wa safari, naye atapasuka. Lakini muda ule mfupi wa kulisogeza gari kando unaweza kuwa tofauti kati ya abiria kulalamika na abiria kupelekwa hospitalini.

Tairi pana moja haitoi muda huo. Ikipasuka, rimu inashuka juu ya lami mara moja, gari linavutwa upande mmoja, na breki za upande huo hupoteza mshiko. Kwa gari refu lenye bodi ya juu na abiria waliojaa, hilo ni jambo la kuogofya.

Kuna pia suala la spea. Katika gari lenye tairi sita za ukubwa mmoja, tairi moja ya akiba hutosha nyuma na mbele. Likifungwa tairi pana nyuma, mwenye gari huhitaji akiba za aina mbili, au huamua kubahatisha. Vibanda vya mafundi wa pancha vilivyotapakaa kando ya Barabara ya Kangundo na Barabara ya Juja huwa na tairi za matatu na malori madogo za kila aina, mpya na zilizotumika. Tairi pana ya trela si bidhaa ya kibanda. Gari linaweza kulala siku mbili likingoja tairi moja, na gari lililolala halilipi mkopo.

UFUNDI USIOONEKANA

Mafundi wa Kariobangi na Shauri Moyo wanasifika kwa kuweza kutengeneza karibu kila kitu. Lakini kubadilisha tairi mbili kuwa moja si kazi ya kufungua nati na kuzifunga tena. Rimu za tairi mbili zimepinda kwa namna ambayo tairi ya ndani hukaa karibu na springi na ya nje hutokeza. Ikibakishwa moja ndani, gari linakuwa jembamba chini na kuyumba kwenye kona. Ikibakishwa moja nje, au ikifungwa rimu pana inayotokeza, uzito huvuta upande wa nje wa ekseli, na beringi zilizoundwa kubeba mzigo katikati huanza kuliwa upande mmoja.

Beringi haivunjiki siku ya kwanza. Huanza kwa mlio mdogo ambao muziki wa matatu huufunika, kisha joto, kisha gurudumu kuchomoka. Kufikia wakati huo aliyefunga rimu hizo amekwisha kulipwa na kusahau. Isitoshe, bima ya gari hutolewa kwa gari kama lilivyoelezwa. Mmiliki aliyebadilisha ekseli yake bila idhini huweka mashaka katika madai yake siku ambayo atayahitaji zaidi.

WANAOFAIDIKA

Pamoja na hayo, haingekuwa haki kusema kwamba tairi pana hazina maana. Huokoa uzito, kwa kuwa rimu moja na tairi moja ni nyepesi kuliko rimu mbili na tairi mbili. Huviringika kwa urahisi zaidi, na lori linalokwenda mwendo mmoja kwa mamia ya kilomita hutumia mafuta kidogo. Hakuna mawe yanayonaswa kati ya tairi mbili na kuzikata. Na kwa magari ya safari za jangwani na matopeni, gurudumu la nyuma hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa na la mbele, jambo linalopunguza kukwama mchangani.

Ndiyo sababu nyumba zinazotembea za wasafiri wa Cairo hadi Cape Town hufungwa hivyo. Lakini magari hayo mara nyingi hujengwa juu ya malori ya kijeshi au ya ujenzi yenye ekseli nzito, hubeba watu wawili au watatu, na mzigo wake haubadiliki kutoka Jumatatu hadi Jumapili. Matatu ya Kayole hubeba watu watano saa nne asubuhi na hujaa pomoni saa moja jioni. Isitoshe, mafuta yanayoteketea ikiwa imesimama katika msongamano wa Barabara ya Jogoo hayaokolewi na tairi ya aina yoyote.

Kwa hivyo jibu hutofautiana kulingana na gari. Trela iliyoundwa kiwandani kwa tairi pana, inayopakiwa chini ya kiwango kilichopunguzwa, ina sababu ya kuwa nazo. Anayejenga kliniki ya kuhamahama au gari la kulala anaweza kuzifikiria iwapo mtengenezaji wa lori ameziidhinisha, na uzito wote umepimwa kwenye mizani halisi kabla ya gari kutoka gerejini. Kwa gari la abiria la mtaani, hakuna hesabu inayokubali.

KIPARA KILICHOFICHWA

Pengine faida kubwa ya mjadala huu ni kwamba unafichua ugonjwa wenyewe. Wengi wanaotamani tairi moja wamechoshwa na tairi ya ndani, ile isiyoonekana. Ni vigumu kuifikia ili kuijaza upepo, na ni rahisi kuificha. Baadhi ya wamiliki hufunga tairi nzuri nje na kipara ndani, wakijua kwamba afisa barabarani hatapiga magoti. Wengine huchanganya mpya na kuukuu upande mmoja, bila kujua kwamba ile yenye kimo kikubwa hubeba karibu mzigo wote na kuisha mapema, huku nyingine ikiburuzwa.

Mtu anayefanya hivyo tayari anatembea kwa tairi moja, ila analipia mbili. Dawa yake haihitaji rimu mpya. Ni kulinganisha kimo cha tairi kabla ya kuzifunga pamoja, kupima upepo zikiwa baridi kila wiki kwa kipimo na si kwa kuzipiga teke, na kuongeza kipande cha mpira cha kufikia tundu la ndani, kifaa ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya tairi.

Vyama vya matatu navyo vina wajibu. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, na hasa baada ya serikali kuwataka wamiliki wajiunge na vyama au kampuni, magari ya Eastlands yamekuwa na viongozi wanaoweza kununua kwa pamoja. Chama chenye magari 50 kinaweza kupata bei ambayo mwenye gari moja hawezi kuiota, na kinaweza kumwajiri mkaguzi mmoja wa kuingia chini ya kila gari kabla ya alfajiri. NTSA kwa upande wake ingefaa kutangaza bayana, kwa lugha ambayo fundi wa mtaani anaielewa, kwamba gari la abiria lililoundwa kwa tairi nne nyuma halitapita ukaguzi likiwa na mbili.

Tairi iliyokwisha katika Eastlands haitupwi. Hupelekwa Gikomba, ambako mafundi huikata na kuishona kuwa akala, viatu ambavyo humtembeza mwenye navyo kwa miaka. Hapo ndipo mahali pake pa kupumzika. Kuilazimisha ibaki barabarani, au kuibebesha peke yake mzigo wa wawili ili kuokoa shilingi elfu chache, ni kukumbushwa kwa njia ya uchungu kile ambacho wahenga walisema kwa maneno mawili: rahisi ghali.